Mkato kwenye ardhi ya mikrostripu hauonyeshi resonansi katika mwigo wa kompyuta

Swali
Wakuu, habari za kazi. Ninasanifu kichujio cha kupitisha masafa ya chini kwenye bodi ya FR-4 (nyuzi za kioo na resini) yenye unene wa milimita 1.6, na chini ya laini ya mikrostripu ya omu 50 (utepe wa shaba juu ya bodi, ardhi ikiwa upande wa chini) nimekata shaba ya ardhi kwa umbo la miraba miwili iliyounganishwa na ufa mwembamba. Nilitarajia mawimbi yazuiliwe karibu na gigahezi 5.8, lakini S21 (kipimo cha mawimbi yanayopita hadi mwisho wa laini) inabaki karibu na desibeli sifuri kana kwamba sikukata chochote. Vipimo vya mchoro nimevikagua vyote. Tatizo laweza kuwa wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, tazama kwanza mpaka wa chini wa kisanduku cha mwigo. Ikiwa umegusa ardhi na umewekwa kuwa kipitishi kamili, programu imeuziba mkato wako kwa metali, na mkondo wa kurudi unapita moja kwa moja chini ya laini badala ya kuizunguka miraba. Kuzunguka huko ndiko kunakozaa indaktansi, na uga wa umeme uliobanwa ndani ya ufa ndio unaozaa kapasitansi. Visipokuwapo hivyo viwili, hakuna resonansi, yaani masafa ambayo mkato huyazuia mawimbi, ya kutafuta. Weka hewa chini ya ardhi kama ulivyoiweka juu ya laini, na mpaka wa mnururisho (ukingo wa mwigo unaoyaacha mawimbi yatoke) uusogeze mbali angalau robo ya urefu wa wimbi kwa masafa ya chini kabisa unayoyachunguza, yaani milimita 37.5 kwa gigahezi 2. Wavu nao, yaani vipande vidogo ambavyo programu huligawa umbo ili kukokotoa, uuboreshe karibu na gigahezi 5.8, kwa kuwa ndipo uga unapobadilika kwa ukali ndani ya ufa.

Muulizaji
Ahsante sana. Resonansi imetokea kwenye gigahezi 5.8, na desibeli 3 zinapotea kwenye gigahezi 3.2. Je, bodi naweza kuifunga kwa skrubu juu ya sanduku la alumini?

Jibu la pili
Usiilaze juu ya alumini, kwa maana utaurudisha ule ukuta uliouondoa. Acha nafasi ya hewa chini ya mkato, kisha sanduku lenyewe uliingize kwenye mwigo. Kwa masafa uliyotaja, sakiti sawia (sakiti rahisi inayotenda kama mkato) ni kapasitansi ya pikofaradi 0.218 sambamba na indaktansi ya nanohenri 3.46, zikiwa mfululizo na laini. Ukitaka kuishusha resonansi bila kuisogeza sana ile gigahezi 3.2, punguza upana wa ufa. Ukipanua miraba, masafa yote mawili yatashuka.