Mrejesho: uso wa meza uliopasuka

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini uso wa meza ya mkaratusi, upana sentimita 80, umepasuka kufuata nyuzi. Mlilenga penyewe: ulikuwa umeshikwa na gundi na skrubu kwenye fremu, ilhali mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno.

Wikiendi hii gundi imebanduliwa. Matundu ya skrubu za milimita 4 yamerefushwa hadi milimita 12, yakifuata upana wa uso, kila skrubu na washa yake (kipete bapa cha chuma chini ya kichwa cha skrubu), ili uso uweze kusogea. Ukikaza skrubu mno, uso hausogei, hakuna ulichofanya. Ufa umezibwa kwa kipande chembamba cha mkaratusi. Vanishi imepakwa juu na chini, maana ukipaka upande mmoja ubao hujikunja.

Mafundi wa pwani, kwa unyevu wa huko mnaacha nafasi kiasi gani ya mbao kutanuka?