Meno ya baba mkwe yamezama Ziwa Tanganyika, eti nisubiri bonde la ufa liyarudishe?

Mkwe Mtiifu:
Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri wa busara, wenye matusi wabaki jukwaa la siasa.

Juzi nilipanda boti la abiria na baba mkwe kutoka Kibirizi kwenda Kagunga kuwasalimia ndugu zake. Boti limejaa magunia ya unga, kuku na madumu matupu ya mawese, mzee kakaa ubavuni kabisa anapunga upepo. Mara chafya ikamshika, na mzee ni mtu wa ugoro, chafya zake si za mchezo. Meno ya bandia ya juu yakachomoka yote, yakagonga ukingo wa boti, ko! Yakaingia majini. Nahodha akapunguza mashine, tukainama wote. Maji ya ziwa letu mnajua yalivyo maangavu: tuliyaona yanashuka huku yanatabasamu mpaka yakapotea.

Sasa mzee hataki kutengenezewa mengine, anasema yale ndiyo yalimzoea. Shemeji yangu, mwalimu wa jiografia, katika kumtuliza baba yake akamwambia ziwa hili liko kwenye bonde la ufa, ardhi inaachana, kwa hiyo chini kunafumuka na kilichozama huwa kinapanda juu. Mzee kaamini. Kila asubuhi nikienda kumwamkia ananiuliza kama ardhi imeshasogea. Mimi mkwe nitamjibu nini jamani? Kuna ukweli wowote hapo? Na kama upo, ni mwezi huu au ujao?

Mwamba Mgumu:
Shemeji kachanganya madesa. Kuachana ni kweli, kupanda juu si kweli. Mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, yakivutwa kila moja upande wake, ganda hilo linanyooka, linakuwa jembamba, linapasuka pembeni, na kipande cha katikati kinadidimia. Ndiyo maana Tanganyika ni bonde refu lenye kuta kali, na sehemu yake ya kina kirefu kabisa inafika mita 1,470. Duniani ni Baikal tu inayolizidi, na hiyo nayo ni ziwa la ufa. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pale penye kina kirefu, sakafu iko mita 700 hivi chini ya bahari. Mzee akisubiri, meno yatazidi kushuka.

Kuhusu muda: upande huu wa ufa unatanuka milimita mbili tatu kwa mwaka. Ukucha wa kidole cha mkono unakua kiasi hicho kwa mwezi mmoja tu.

Dada wa Ujiji:
"Yanashuka huku yanatabasamu" 😂😂 nimemwaga chai. Pole mkuu.

Mvuvi wa Katonga:
Mimi niko ziwani usiku wote na karabai, giza likiwa zuri. Dagaa na migebuka wanapanda juu kufuata mwanga, wavu unawakuta hukohuko juu. Sijawahi kuona wavu umeleta kitu cha sakafuni mbali na ufukwe. Huko chini hakuna hata samaki, hewa haipo. Kwa hiyo toa wasiwasi, hakuna mgebuka atakayeonekana sokoni ameyavaa.

Mwamba Mgumu:
Mvuvi yuko sahihi. Maji ya juu na ya chini ya ziwa hili hayachanganyiki vizuri, ukishapita mita mia na kitu mpaka mia mbili hivi oksijeni imekwisha. Sehemu kubwa ya maji yote yale haina hewa. Na chini kuna matope yaliyojikusanya kwa mamilioni ya miaka, mahali pengine unene wake ni kilomita kadhaa. Meno ya plastiki yatazikwa humo salama kabisa. Wachimbaji wa miaka milioni ijayo watagombana ni mnyama gani huyu aliishi Kigoma akiwa na taya la juu tu.

Jirani wa Kalemie:
Jambo wandugu. Sisi huku Congo tuko juu ya bamba la Nubia, ninyi mko juu ya bamba dogo la Viktoria, ambalo wataalamu wanasema linazunguka taratibu kinyume cha saa. Mwambie mzee ardhi yake haisogei tu, inazunguka pia. Meno yakikutwa ng'ambo yetu, tutayatoza ushuru kwanza.

Mkwe Mtiifu:
Jirani usinichanganyie mzee zaidi. Na tetemeko je? Tukipata kubwa, haliwezi kuyarusha?

Dada wa Ujiji:
Lile la Desemba 2005 lilifika ukubwa wa 6.8, na lilianzia hukohuko ziwani. Hata sufuria yangu niliyopoteza nikioshea ufukweni haikurudi.

Mzee wa Meli:
Msikate tamaa. Meli ya Liemba yenyewe Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao 1916 wakiikimbia vita, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Kama meli nzima ilitoka, meno yatashindwa?

Mwamba Mgumu:
Liemba ilizamishwa maji mafupi, karibu na mdomo wa Malagarasi, na mainjinia wake walipaka mitambo grisi kwanza wakijua wataifuata. Muulizeni mzee kama alipaka meno grisi kabla ya chafya.

Fundi Plasta:
Nipo kwenye kazi ya meno. Mkuu, achana na ziwa. Mzee akiona mapya hayamkai, atasema ya zamani ndiyo yalikuwa mazuri, kumbe hata hayo yalikuwa yameshalegea. Ukishang'olewa meno, mfupa wa taya unapungua taratibu na fizi zinabadilika umbo. Ndiyo maana chafya moja tu imeyatoa, meno yanayokaa vizuri hayaruki hivyo. Mpeleke akapimwe upya, achukuliwe alama ya fizi jinsi zilivyo sasa. Na usikubali watumie kielelezo cha plasta cha zamani, yaani umbo la fizi lililochukuliwa zamani.

Mkwe Mtiifu:
Nimemfikishia kupitia mama mkwe, maana mimi kumwambia mzee meno yake yalilegea siwezi. Kakubali, ila ana sharti: ya zamani hayakuwa na mwanya, na ujanani alikuwa nao. Anataka mwanya wake.

Fundi Plasta:
Mwanya unawekwa. Aje na picha ya ujanani, iwe amecheka.