Sevisi kamili ya baiskeli au danganya toto? Mafundi mtatumaliza

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nina povu, asiyependa kusoma apite tu.

Nimetoka kuchukua baiskeli yangu kwa fundi. Niliipeleka kwa ajili ya "sevisi kamili", maneno yao wenyewe, wameyaandika ukutani kwa herufi kubwa na chini yake wameorodhesha: kufungua beringi, kuosha, kupaka grisi mpya, kunyoosha magurudumu, kurekebisha gia na breki. Nikalipa yote bila kuomba punguzo. Nikakabidhiwa baiskeli inang'aa mpaka unaona haya kuikalia.

Sasa sikilizeni. Kwa kuwa nimeshapigwa huko nyuma, safari hii niliwategea. Kabla ya kuipeleka nilichukua rangi ya kucha nikaweka tone dogo pale kichwa cha bolti ya krenki kinapokutana na mkono wake (ule unaobeba pedeli), upande wa kushoto ambako hakuna uchafu wa cheni. Tone lingine nikaweka kwenye nati inayobana beringi za gurudumu la mbele, na lingine kwenye bolti ya juu ya usukani. Rangi ile ikishakauka, huwezi kulegeza bolti hata robo mzunguko bila kuipasua.

Nimefika nyumbani nikawasha tochi ya simu. Matone yote yapo, hayana hata ufa. Hakuna kilichofunguliwa!

Sasa ile grisi mpya imepakwa wapi? Nje. Kuna mtu kachukua grisi ya kijani kwa ncha ya kidole, kaizungusha kwenye ukingo wa beringi kwa nje, ili nikiinama kukagua nione kijani nichekelee. Alama ya kidole bado ipo, mpaka mistari ya ngozi inaonekana. Nikafungua mwenyewe upande mmoja: ndani ni ile ile ya zamani, nyeusi, imeganda, ukiisugua kati ya vidole unasikia mchanga. Gololi zimekuwa zikizunguka kwenye mchanga huo na zingeendelea hivyo mpaka zitafune njia zao, halafu mtu yule yule aje aniambie habu (kitovu cha gurudumu) imekufa, nunua gurudumu jipya.

Na asije mtu hapa kuniambia "labda fundi alisahau". Aliyesahau hapaki grisi nje. Ule ni usanii uliopangwa.

Tuje kwenye breki, maana hapa ndipo wangeniua. Ili baiskeli ionekane imehudumiwa, wanapenda kushika kopo la oili ya kupuliza na kunyunyiza kila kinachozunguka. Cheni, sproketi (zile gurudumu za meno), waya, mpaka spoku. Mimi natumia breki za diski. Oili ikiigusa diski, diski yenyewe unaifuta kwa spiriti inakwisha, lakini pedi zikishainyonya, mara nyingi ndiyo basi tena. Nimetoka pale, kwenye mteremko wa kwanza nashika breki, baiskeli inapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa na haisimami. Nikageuza, nikarudi. Mnajua jibu nililopewa? "Ziendeshe tu, zitazoea."

Angalieni ujanja uliomo humo. Ni kweli pedi MPYA zinahitaji kuzoeshwa: unakimbia kidogo, unashika breki taratibu bila kusimama kabisa, unarudia mpaka pedi na diski zishikane vizuri. Kwa hiyo kachukua jambo la kweli akalibandika pasipohusika. Pedi zangu hazikuwa mpya, zilikuwa zinashika vizuri asubuhi ile ile nilipowapelekea. Nilipokataa kuondoka akaniuzia pedi nyingine. Yaani kaharibu yeye, nimelipa mimi, na risiti imeandikwa "kubadilisha pedi zilizochakaa". Zimechakaa!

Nilipoomba nipewe hizo pedi zilizotolewa, nikaambiwa zimeshatupwa. Zimetupwa saa ngapi wakati nimesimama pale pale kaunta? Na huu ndio ugomvi wangu mkubwa na hii kazi nzima, pengine kuliko hata ile grisi. Kifaa kilichotolewa kwenye baiskeli yangu ni mali yangu. Nikabidhi, nikiamua kukitupa nitakitupa mwenyewe. Fundi ambaye hataki uone alichokitoa, anaficha hicho hicho alichokitoa.

Tukiwa hapo hapo, kabla baiskeli haijashuka hata kwenye stendi, akanitajia deni la safari ijayo: cheni imekwisha, kaseti ya nyuma (lile rundo la sproketi) imekwisha, sproketi ya mbele imekwisha. Kaitazama tu, hajaigusa. Nikamuuliza umepima na nini, akasema "hizi tunaziona kwa macho, bosi".

Bosi! Wakuu, kuchakaa kwa cheni HAKUONEKANI kwa macho, kunapimwa. Kuna kipimo kidogo cha chuma chenye meno mawili, unakitumbukiza kwenye cheni kinakuambia. Huna kipimo, chukua rula ya chuma. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo pini 24 mbele umetembea inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Vuta cheni ikaze, weka sifuri katikati ya pini, soma kule mwisho. Cheni ikirefuka kwa asilimia 0.5, hapo unasoma kama 306.3, wenye gia 11 au 12 nyuma wabadilishe. Wenye gia 8 mpaka 10 wengi wanaisogeza hadi asilimia 0.75, kama 307. Yangu nimeipima sehemu tofauti na hakuna iliyofika hata 305 na nusu. Cheni iko hai kabisa na jamaa alitaka kunivua mfumo mzima.

Niwe mkweli upande wa pili pia, kuna wakati fundi anasema kweli na mteja ndiye mbishi. Ukiiacha cheni iliyorefuka iendelee, inachonga meno ya kaseti yafuate urefu wake. Siku utakapofunga cheni mpya juu ya meno yale, itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu, na hapo huna ujanja, unanunua vyote. Mteja anadhani kaibiwa kumbe kaambiwa ukweli. Lakini ndiyo maana nasema nionyeshe kipimo! Ukinionyesha namba nalipa na shukrani juu.

Kabla ya hawa kulikuwa na mwingine, karakana yake safi, spana zimepangwa ukutani kwa saizi. Nilimpelekea tatizo dogo tu, gia ya nyuma inasitasita kupanda. Tatizo la namna hiyo kwa kawaida ni waya umelegea au umeota kutu ndani ya ganda lake, au kile kibati kinachoshikilia kibadilisha gia kimepinda baada ya baiskeli kuangukia upande wa kulia. Unaanza na ile nati ya kukazia waya, unazungusha kidogo kidogo kwa vidole. Yeye kachukua bisibisi akaingia moja kwa moja kwenye zile skrubu mbili zenye herufi H na L. Hizo kazi yake ni mipaka tu, kuizuia cheni isivuke sproketi ndogo kabisa wala kubwa kabisa. Hazihusiani hata kidogo na kusitasita. Kaifungua mno L, ile ya upande wa sproketi kubwa, nikiwa napanda kilima nikaweka gia nyepesi kuliko zote, cheni ikavuka ikadumbukia kati ya kaseti na spoku. Spoku zimekatwa mikwaruzo, gurudumu limekwama palepale, na nashukuru nilikuwa mwendo wa konokono.

Akanyoosha gurudumu bure, nikamsifu. Ilikuwa mapema mno kumsifu. Gurudumu lilisimama wima kwelikweli, halikuyumba hata kidogo. Ila nilipogonga spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine upande ule ule, moja inalia kwa sauti nyembamba kabisa, ya pili yake inalia "dub" kama kamba iliyolegea. Maana yake alikuwa anakaza tu pale panapoyumba bila kulegeza upande wa pili. Rimu imenyooka kwa kulazimishwa, mzigo wote zimebeba spoku chache. Gurudumu la hivyo linakaa sawa kwa muda kisha spoku zinaanza kukatika, na ikikatika ya kwanza hazichelewi nyingine. (Mkitaka kujaribu, linganisheni za upande mmoja peke yake. Gurudumu la nyuma upande wa kaseti spoku zimekazwa zaidi kuliko upande wa kushoto, hiyo ni kawaida yake, msije mkamshika mtu mashati bure.)

Mtaniuliza kwa nini sikuangalia maoni ya watu mtandaoni. Niliangalia. Nyota tano tano, "huduma ya haraka", "wakarimu sana", "baiskeli yangu kama mpya". Wengi wanaandika wakiwa bado wamesimama mlangoni kwa fundi, baiskeli imetoka kuoshwa. Atajuaje kama beringi zilifunguliwa? Beringi iliyokosa grisi haikushitakii siku ile, inasubiri mvua zipige. Nyota zile zinapima tabasamu la mtu wa kaunta na kasi ya bomba la maji, basi.

Ninaowaamini siku hizi ni wale wanaokula kwa baiskeli. Watu wa kusambaza mizigo na vyakula, wanaoendesha mvua jua. Baiskeli ikilala siku moja na wao hawali. Ukitaka fundi, msimamishe mmoja wa hao, muulize anapeleka wapi na, muhimu zaidi, wapi ALIACHA kupeleka na kwa nini. Ukipata majina mawili yanayojirudia umefika mbali.

Ukifika kwa fundi huyo, usianze na bei. Mimi nina maswali yangu ya kumtega, nayauliza kizembe kama sijui kitu. Pedeli ya kushoto inafunguliwa kuelekea wapi? Fundi wa kweli anajibu bila kuinua kichwa: kufuata mshale wa saa, maana uzi wake (ile mistari ya kujifungia) umegeuzwa. Asiyejua atakupasulia uzi wa krenki kwa bomba refu na nguvu za bure, nimeona krenki za watu zikitolewa hivyo. Swali jingine ni kwa wenye breki za majimaji: utaweka mafuta gani? Akisema "yote ni sawa", shika baiskeli yako uondoke. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, nyingi za SRAM zinatumia yale ya DOT (kama ya breki za gari), na ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na kuharibika, breki inakufa ukiwa barabarani. Anayekujibu "ngoja nisome kwenye breki yako kwanza" huyo mpe kazi.

Tena mtazameni mkono wake akifunga usukani. Pale penye bolti ndogo mara nyingi pameandikwa kabisa, 5 Nm (kipimo cha ukazo) au inayokaribia hapo. Kuna spana maalumu ya kupimia ukazo. Anayekaza mpaka mishipa ya shingo inamtoka hajasoma, na kama baiskeli yako ni ya kaboni unaweza usiuone ufa mpaka siku usukani utakapokatika.

Fundi mmoja niliwahi kumpata wa namna ninayoitaka, bahati mbaya alifunga akahama. Ukimpelekea baiskeli aliizungusha yeye kwanza nje kabla ya kuiweka kwenye stendi, anauliza inalia wakati gani, ukikanyaga au ukiacha kukanyaga? Kazi ikiongezeka alipiga simu kwanza. Vifaa vya zamani ulivikuta kwenye mfuko wa plastiki umening'inizwa kwenye usukani. Na kuna siku aliniambia waziwazi "hii usinipe hela, endesha, urudi ikianza kulia". Huyo alikula hela yangu miaka na miaka na sikuwahi kuona uchungu.

Sasa kesho asubuhi narudi kwa hawa wa grisi ya kijani. Bolti sijazigusa zenye rangi, nimezipiga picha, ile ya gurudumu nimeifungua upande mmoja tu na upande wa pili nimeuacha kama ushahidi. Nataka hela ya sevisi yote irudi, na hela ya pedi pia kwa sababu oili waliimwaga wao. Waliowahi kudai na wakarudishiwa, nipeni mbinu: mlimkabili fundi mwenyewe au mlikwenda moja kwa moja kwa mwenye duka? Na wakisema watairudia kazi bure, unakubali baiskeli iingie tena mikononi mwao au unashikilia hela tu? Mimi nashikilia hela, ila nataka kusikia wenzangu.

Mafundi mliomo humu msininunie, karibuni mjibu hoja. Anzeni na ile ya pedi zilizotupwa.