Tupeane uzoefu: wanawake wa Mtwara na Lindi, mazoezi mnafanyaje mpaka msiache?

Wadada za jioni. Mimi niko Shangani ya hapa Mtwara, nimeanza mazoezi mara nne nikaacha mara nne. Ile ya kwanza niliamka saa 11 alfajiri eti nakimbia, siku ya tatu mapaja yakagoma hata kuchuchumaa chooni jamani. Sasa hivi naenda mwezi wa saba na nilichobadilisha ni kimoja tu, nimeacha kukimbia. Natembea ufukweni jioni na jirani yangu, mwendo wa haraka, umbea kwenda umbea kurudi, dakika 40 zinakata hata kisa cha kwanza hatujamaliza. WHO wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki na kutembea haraka kunahesabika, nikapiga hesabu, mara nne kwa wiki kumbe tunapitiliza. Haya leteni zenu.

Mama Pacha: Niko Lindi, kilichokuwa kinanishinda sio uvivu ni midomo ya vijana kijiweni, "mama kitambi kinatoka hicho!" Siku hizi navaa dera juu, treki ndani, napita wanadhani naenda msibani.

Bint Chikongola: Sisi tumerudisha REDE 😂 ndio ileile ya utotoni, mpira wa soksi na chupa ya kujaza mchanga. Tuko sita, mkubwa wetu ana miaka 52 na huyo ndo hatumpigi, anakwepa kama kambale. Mwanzo watoto walitucheka sasa wanagombea kuingia na sisi tunawafukuza. Mtu akikosa siku mbili anafuatwa kwake, kwa hiyo huwezi kuacha hata ukitaka.

Nuru_N: Jimu nililipia miezi mitatu nikaenda siku nne. Sina la kuongeza.

Mwali wa Newala: Nyie wa mjini mna raha. Mimi korosho zikianza kudondoka nainama kutwa naokota, nikirudi maji na kuni vinanisubiri, halafu mtu aniambie niruke kamba? Kiuno kinawaka moto. Ninachofanya ni kujinyoosha kwenye mkeka dakika kumi kabla ya kulala, wifi yangu ananivuta miguu tunacheka, hicho ndo nakipenda na sijakiacha tangu msimu wa juzi.

Mleta mada: Mwali hapo usiongeze kitu dada, mwili wako umeshafanya kazi kutuzidi wote humu, huo mkeka ndo haki yako.

Mama Pacha: Mleta mada kesho nitakuwa Mtwara kwa dada yangu, mnaanzia wapi? Ila raba yangu moja imeachia soli.

Mleta mada: Njoo saa 11 jioni, raba acha hukohuko. Maji yatakuwa yamekupwa, tunatembea pekupeku.