Gego la mwisho moja limeng'olewa, yamebaki matatu: niyatoe au niyaache?

Mwana Mtoni: Habari wakuu. Siku 9 zilizopita niling'olewa gego la mwisho la chini kushoto. Ya juu mawili yametoka vizuri. La chini kulia limetoka nusu, limelalia la mbele yake, na ufizi wake huvimba kila baada ya miezi kadhaa. Nina miaka 26. Nitoe yote kwa mpigo?

Tabibu wa Kinywa: Pole mkuu. Kila gego na kesi yake. Piga kwanza eksirei ya taya zima, ile OPG, ionekane mizizi ya hilo la kulia ina ukaribu gani na mshipa wa fahamu uliopita ndani ya taya. Mshipa ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu hubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache haiishi. Mizizi ikiwa imeugusa, bingwa anaweza kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi.

Hilo gego la chini kulia ndilo la kuhofia. Chakula hujibana kati yake na gego la pili, kisha la pili linatoboka kwa nyuma, karibu na ufizi, usipopaona hata kwa kioo. Ukichelewa unapoteza mawili. Mimi ningelitoa, ila si siku limevimba, maana penye usaha ganzi haishiki vizuri.

Mwana Mtoni: Asante daktari. Na ya juu?

Tabibu wa Kinywa: Uma meno mbele ya kioo. La kushoto likigusa gego la pili la chini hata kidogo, huwa linatulia. Lisipogusa kitu hushuka taratibu, mwishowe linauma ufizi. La kulia, angalia kama limeacha alama kwenye ule ufizi unaovimba. Mara nyingi la juu ndilo linalouchokoza.

Bi Mswaki: Ndugu, wakati unasubiri: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua kila baada ya kula. Ufizi ukivimba, ongeza klorheksidini ya 0.2% (dawa ya kusukutua inayoua vijidudu), mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, nusu saa baada ya kupiga mswaki kwa sababu dawa ya meno huipunguza nguvu. Wiki moja inatosha, ikizidi meno hupata madoa. Tumia mswaki wa kichwa kidogo, na kwa ya juu fumba mdomo nusu ili shavu lilegee. Shimo la kushoto lisafishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji ya chumvi, polepole.

Usinunue antibayotiki kila ukivimba. Haziondoi chakula kilichonasa chini ya ufizi.

Tabibu wa Kinywa: Nyongeza: mdomo ukigoma kufunguka, uvimbe ukishuka chini ya taya, homa ikipanda au mate yakiwa magumu kumeza, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.