Mlango wa Bibi (gumzo la kikundi "Watoto wa Landhi, Mackinnon"; Mackinnon Road ni kijiji cha njia ya reli kati ya Mombasa na Voi)

Saidi, 8:12
Nipo Mackinnon na fundi tangu alfajiri. Mabati ya jiko la Bibi yameshuka salama. Ila tumekwama, tazameni picha.

Saidi, 8:13
[picha 3]

Saidi, 8:14
Zile nguzo mbili za pembeni tulizodhani ni miti iliyopakwa lami, si miti. Ni reli. Msumeno wa fundi umeng'oka meno.

Kassim (Doha), 8:20
😂😂 Mimi nalipa fundi wa kuvunja jiko au wa kuvunja reli?

Shangazi Riziki, 8:22
Marahaba nisiyoamkiwa. Siku hizi mtu aanza na picha.

Saidi, 8:22
Shikamoo shangazi. Nisamehe, ni joto la huku.

Shangazi Riziki, 8:23
Marahaba mwanangu. Joto la huko halijaanza leo.

Amu Hamisi, 8:31
Saidi tazama na kizingiti cha juu ya mlango. Kama kina umbo la hori lililofunikwa, hilo ni taruma la chuma, lile linalolaliwa na reli. Asilikate. Halikatiki.

Saidi, 8:33
Kweli amu. Lina matundu manne ya kufungia reli.

Kassim (Doha), 8:35
Kwa hiyo babu yetu alikuwa mwizi wa reli na hakuna aliyetuambia?

Amu Hamisi, 8:36
Kijana chunga mdomo. Baba alikuwa mtu wa gengi la kutengeneza reli miaka ishirini na mbili. Reli ikichakaa ilitolewa ikalazwa kando ya njia, na wao walilala katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja baba, mama, watoto na kuku. Alipotaka kujenga kwake aliomba vipande. Akapewa. Msiniulize kwa barua au bila barua.

Mama Zuhura, 8:38
🤣 Bila barua

Amu Hamisi, 8:39
Nimesema msiniulize.

Kassim (Doha), 8:44
Sawa amu, yaishe. Lakini hili jina nalo. Juzi Mkenya mwenzangu kazini aniuliza kwetu wapi, namwambia Mackinnon. Akasema hakujua nina asili ya Scotland.

Mwanajuma, 8:50
Hajakosea sana, mwenye jina alikuwa Mskoti. William Mackinnon, tajiri wa meli. Ndiye mkuu wa ile Kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme 1888 kuja kufanya biashara huku. Mwaka 1890 wakaanza kukata njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kwenda Kibwezi, ikaitwa barabara ya Mackinnon. Yeye akafa 1893. Kampuni ikaishiwa, serikali yao ikachukua nchi 1895. Reli ikaanza Mombasa 1896, na stesheni ilipowekwa huku kwetu ikabandikwa jina la ile barabara.

Mwanajuma, 8:51
Yaani stesheni ilipata jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. Nikiwaambia wanafunzi wangu wacheka.

Kassim (Doha), 8:53
Na kabla yake paliitwaje?

Amu Hamisi, 8:55
Palikuwa nyika. Jina la nini mahali pasipo maji? Majina yalikuwa pale penye maji. Taru palikuwa na ngurunga, mashimo ya mwambani yanayoshika mvua, misafara yote ilisimama hapo. Maji ya Chumvi jina lajieleza. Huku kwetu miiba na jua. Reli ilipopita hapa maji ya kunywa ya wafanyakazi yaliletwa kwa treni kutoka nyuma.

Mama Zuhura, 8:57
Na leo yaletwa kwa bodaboda, madumu manne kwa safari 🙄 Bomba la Mzima lapita hapa kwenda Mombasa tangu 1957, twalisikia likivuma tu.

Shangazi Riziki, 8:58
Usianze ya maji Mama Zuhura, hatutamaliza.

Saidi, 9:05
Jamani, fundi auliza nguzo afanyeje.

Kassim (Doha), 9:06
Aziache zilipo, ajenge jiko jipya juu yake. Bure aghali.

Saidi, 9:07
Sawa. Twaingia upande wa mlango sasa.

Shangazi Riziki, 9:15
Mwanajuma umesema ya Mackinnon wako umesahau aliyebaki. Mackinnon hata hakutuachia kisima. Pir Padree yupo hadi leo.

Kassim (Doha), 9:16
Hadithi ya karai! Ieleze shangazi, wanangu wamo humu na hawaijui.

Shangazi Riziki, 9:24
Sayyid Baghali Shah, ndiye huyo Pir Padree, mtu wa Punjabi, alikuja na wale Wahindi wa reli. Wenziwe walibeba udongo kichwani kwa makarai. Yeye karai lake, wasema, halikumgusa kichwa. Lilielea juu yake, kama hivi, kiganja kimoja cha hewa katikati. Wakajua huyu si mfanyakazi tu. Alipokufa wakamzika papo hapo kando ya njia, na msikiti ukajengwa juu ya kaburi.

Shangazi Riziki, 9:26
Bibi alikuwa akifagia pale kila Alhamisi. Madereva wa treni walipiga honi wakifika usawa wa kaburi. Wa basi husimama hadi leo, atie shilingi, aombe dua, aende. Mkristo husimama, Mhindu husimama. Kijiji kizima hiki jengo linalosimamisha watu ni hilo moja.

Mwanajuma, 9:30
Na waliokufa bila makaburi je. Wahindi wapatao elfu thelathini na mbili waliletwa kujenga reli hadi ziwani, na takriban 2,500 walikufa. Homa, kuhara, ajali. Watu wakumbuka wale simba wala watu wa Tsavo tu.

Kassim (Doha), 9:31
Simba ana picha nzuri dada. Kuhara hakuna picha.

Amu Hamisi, 9:40
[ujumbe wa sauti, 2:51]

Mwanajuma, 9:49
Nimeuandika kwa walio kazini:
"Mwasema msikiti tu ndio uliosimamisha watu. Stesheni je? Nyinyi mmeijua ikiwa gofu. Mimi naijua ikiwa na stesheni masta mwenye kofia, mwarobaini mbele, ndoo nyekundu za mchanga zimepangwa ukutani, na kipande cha reli kimening'inizwa kwa mnyororo. Kikigongwa mara mbili, kijiji kizima chajua treni imetoka stesheni ya pili. Mama alikuwa na sufuria ya chai tayari. Zile injini za mvuke za Garratt, za namba 59, kila moja ilikuwa na jina la mlima, ile Mount Gelai nimeiona kwa macho yangu kabla haijawekwa makumbusho Nairobi. Tani mia mbili na hamsini na ushei. Ikipita, vikombe kabatini vyasemezana. Na nguo zikiwa kambani umekwisha, masizi. Mama alijua ratiba kuliko stesheni masta kwa ajili ya shuka zake."

Mama Zuhura, 9:51
Treni ya usiku sasa! Mimi nilikuwa nauza mahamri dirishani. Mkono mmoja wapokea pesa, mwingine washika sahani, na treni yaanza kuondoka na chenji ya mtu. Mzungu mmoja alinitupia viatu badala ya pesa. Vya mguu mmoja!

Saidi, 9:52
Viatu vya mguu mmoja ni kiatu, Mama Zuhura

Mama Zuhura, 9:53
Vilikuwa viwili, vyote vya kushoto. Mungu shahidi.

Kassim (Doha), 9:55
🤣🤣🤣 Na hii treni mpya ya Madaraka yapita tu.

Mama Zuhura, 9:57
Tangu 2017. Mariakani yasimama, Miasenyi yasimama, Voi yasimama. Sisi twapungiwa mkono. Na wale wa ndani hawafungui hata dirisha, mahamri utamuuzia nani?

Saidi, 10:20
Kuna jambo. Fundi ameanza kukwangua rangi ya mlango ili auze mbao. Chini ya kijani kuna buluu, chini ya buluu kuna rangi kama ya kaki, na namba nyeupe. 4, halafu kama 1 au 7, zingine zimefutika.

Saidi, 10:21
[picha]

Amu Hamisi, 10:23
Huo mlango ni wa jeshi.

Mwanajuma, 10:29
Kassim hii huijui. Baada ya vita vya pili, India ikawa yaondoka mikononi mwa Waingereza, Misri hawawataki, Palestina wafukuzwa. Waingereza wakatafuta pa kuweka silaha na magari yao. Mwaka 1947 wakachagua hapa, kwa sababu reli ipo na bandari haiko mbali. Wakajenga maghala, mabanda, barabara, reli za pembeni. Kisha miaka michache tu, wakabadili nia. Wakaondoka.

Amu Hamisi, 10:31
Walivyokuja hujawahi kuona watu wengi hivyo. Walivyoondoka hata mbwa wao walituachia. Kila nyumba ya kijiji hiki ina kitu cha jeshi. Ukiona bawaba nene, ya jeshi. Sinki la msikitini la jeshi. Mlango wa Mama nao.

Shangazi Riziki, 10:40
Hamisi, mlango ule si wa jeshi.

Amu Hamisi, 10:41
Ni wa nini basi?

Shangazi Riziki, 10:43
Mama aliniambia ulikuja wafungwa walipoondolewa.

Kassim (Doha), 10:44
Wafungwa gani?

Mwanajuma, 10:50
Wa Mau Mau. Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi, wakakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, bila kesi. Wakawapakia treni. Wengine Manyani, wengine hapa kwetu, katika kambi ileile iliyoachwa tupu na jeshi. Seng'enge wakaongeza, mabanda yalikuwapo.

Kassim (Doha), 10:52
Mackinnon hii hii? Nimesoma shule pale miaka minane hakuna mwalimu aliyetaja.

Mwanajuma, 10:53
Mimi mwenyewe nimeijua chuoni.

Amu Hamisi, 11:02
Nilikuwa na miaka minane. Behewa zilikuwa na waya madirishani. Waliteremshwa hapo stesheni, wakachutamishwa mistari, mikono juu ya kichwa. Baba alitukataza kusogea, tulipanda mbuyu tukatazama. Mmoja aliinua kichwa akatuona juu ya mti. Akatabasamu, sijui kwa nini. Akapigwa.
Sijawahi kuisema hii kwa simu.

Mama Zuhura, 11:04
😔

Saidi, 11:10
Amu samahani nakukatiza. Kuna kitu kingine mlangoni. Kuna kidirisha kilikatwa, upana wa shubiri moja na nusu hivi, kikazibwa kwa ubao wa mti mwingine. Kiko chini, usawa wa goti langu. Na alama za komeo ziko upande wa nje.

Kassim (Doha), 11:11
Komeo kwa nje. Basi ni wa kifungo.

Amu Hamisi, 11:13
Ghala pia hufungwa kwa nje, mwanangu. Ulishaona mtu akafunga ghala yumo ndani?

Kassim (Doha), 11:14
Na kidirisha usawa wa goti, amu? Karani wa ghala alikuwa akitoa vitu kwa kuchuchumaa?

Amu Hamisi, 11:15
Huenda kilikatwa kwa ajili ya paka.

Mwanajuma, 11:16
Jeshi la Mwingereza na paka amu 😅

Mwanajuma, 11:18
Lakini yaweza kuwa vyote viwili. Mlango wa ghala 1948, kidirisha kikakatwa 1954. Kambi ni ileile moja.

Shangazi Riziki, 11:30
Nyinyi hamkulala jikoni na Mama. Mimi nimelala, mpaka naolewa. Ule mlango kwa ndani alitundika kanga pale chini, daima. Ikichakaa aliweka nyingine. Nikamuuliza mama, kanga ya mlangoni ya nini, hapaingii upepo, pamezibwa. Akasema usiku haoni raha na kile kitundu. Nilidhani aogopa nyoka.

Saidi, 11:33
Shangazi misumari midogo ya kutundikia ipo bado. Miwili.

Mama Zuhura, 11:34
Subhanallah.

Kassim (Doha), 11:41
Bibi alijua.

Amu Hamisi, 11:44
Mama alijua mambo mengi. Kuna siku alikuja mzee kutoka Murang'a, nadhani ilikuwa mwaka sabini na kitu, atembea tu aangalia kambi ilipokuwa, pamebaki sakafu za saruji na mbuzi. Mama akampa chai. Akakaa jikoni, mgongo kwa mlango. Hawakuzungumza. Alipoondoka akashukuru kwa Kiswahili kizuri sana akapanda basi.

Mwanajuma, 11:46
Amu haya mambo twayaandika lini? Landhi zimebaki tatu, stesheni ile waijua hali yake, sakafu za kambi watu wazichimbua kokoto. Na huku Kwale na Taita-Taveta wavutana kijiji ni cha nani, hakuna hata mmoja aliyeweka kibao.

Kassim (Doha), 11:48
Saidi, yule wa kununua mbao amefika?

Saidi, 11:49
Yuko hapa toka saa nne. Atoa elfu mbili mia tano kwa mlango na fremu. Asema mvule siku hizi haupatikani.

Kassim (Doha), 11:50
Mwambie hauuzwi. Mpe nauli.

Mama Zuhura, 11:51
Mpe na chai

Saidi, 11:52
Sasa twaurudisha jikoni au wawekwa wapi? Jiko jipya Kassim umeagiza mlango wa chuma, umeshalipiwa.

Shangazi Riziki, 11:53
Jikoni usirudi. Mama apumzike.

Mwanajuma, 11:54
Mimi nitauchukua mwezi huu nikija, niuweke kwangu mpaka tujue. Usikwanguliwe zaidi, namba ziachwe.

Kassim (Doha), 11:55
Na ile misumari miwili.

Saidi, 11:57
Sawa. Fundi anataka kuutoa kwa mtaimbo, jua limemzidi.

Amu Hamisi, 11:58
Asiguse kwa mtaimbo. Bawaba zimeshika kutu, amwagie mafuta ya taa angoje mpaka adhuhuri ipite. Naja na basi la saa saba, nitaushika upande mmoja mwenyewe.