Ati "Chanzo: Mwandishi"! Hata kosa la mwenzio umeliiba?

Mfaa_wa_Mlango:
Simtaji. Mnamjua, yule asiyevua miwani ya jua hata usiku, aliyezindua kitabu cha milango ya Mji wa Kale, Mombasa, leo. Fungueni ule mchoro wa mlango wa nakshi, msome chini yake. "Chanzo: Mwandishi." Mwandishi! Mchoro umo kwenye tasnifu ya binti aliyepima miimo ya pembeni, mfaa wa katikati na kizingiti kwa futikamba. Jamaa kaugeuza rangi, kafuta jina pembeni, basi.

Tena kaiba kwa pupa. Kwenye tasnifu kipimio, ule mstari wa skeli kwenye mchoro, kilikosewa, sentimita 20 ikaandikwa 200. Kwenye kitabu? 200 vilevile! Kwa hesabu hiyo mlango wa mita 1.2 unasoma mita 12, feri ya Likoni inapita na mikokoteni yake. Halafu chini, "Chanzo: Mwandishi."

Kusema Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593 hakudai chanzo, hilo lajulikana. Vipimo vya mtu unavitaja. Mchoro ukiuchora upya unaandika "umetoholewa kutoka kwa fulani", na kitabu kikiwa cha kuuza unaomba ruhusa kwanza, maana kutaja jina si ruhusa. "Chanzo: Mwandishi"! Uso mkavu kama ng'onda.

Mahamri_Saba:
Povu lote hilo kwa mlango? Ufunge, upepo unaingia.

Shehe_Wino:
Lakini rangi kabadilisha. Si wake sasa?

Mfaa_wa_Mlango:
Punda wa jirani ukimpaka hina, ashakuwa wako?

Bi_Kizingiti:
Na zile picha za kale, ati hazina mwenyewe. Hakimiliki ikiisha waweza kuchapisha, lakini bado useme picha imetoka maktaba gani. Aya nazo kageuza "nyumba" ikawa "makaazi", mpangilio uleule, nukta kwa nukta. Huo ni wizi na mtandio juu.

Leso_Doti:
Nyinyi mwalilia mlango. Leso je? Mtu atunga jina, yale maneno ya leso, achora mji wa katikati na pindo la ukingoni, wiki ya pili vyote viko kwenye leso ya mwengine, na rangi yachuja ukifua mara moja.

Mahamri_Saba:
Ile ya zambarau?

Leso_Doti:
Iyo iyo. Pindo limekwenda upande, jina limekatwa herufi ya mwisho.

Mfaa_wa_Mlango:
Jamani, mchoro! "Chanzo: Mwandishi"!

Mahamri_Saba:
Tumesikia. Leso_Doti, doti yauzwaje pale Biashara Street?